Uchambuzi: Nyota tano za gari la familia zina maana gani katika barabara ya Rumonge?

Kilomita 64 kwa saa. Kwa zaidi ya miaka 20, huo ndio mwendo ambao shirika la Euro NCAP lilitumia kuyagongesha magari mapya ya Ulaya ili kupima kama watu waliomo wangetoka salama. Kwa anayesafiri kati ya Bujumbura na Rumonge, mwendo huo hautishi. Palipo na lami nzuri kando ya ziwa, madereva wengi huupita bila abiria hata mmoja kushtuka.

Matokeo ya majaribio hayo huandikwa zaidi kwa Kiingereza na Kifaransa, na husomwa na wanunuzi wa magari mapya. Hata hivyo yanamhusu pia mchuuzi wa mawese wa Rumonge na mama wa Nyanza-Lac anayepeleka ndagala mjini. Magari yaliyojengwa kwa ajili ya familia za Japani na Ulaya hufika kwetu baada ya miaka kumi, kumi na mitano au zaidi, yakageuka teksi na usafiri wa umma. Je, usalama uliopimwa siku ile ya jaribio umebaki kiasi gani?

Jaribio linavyofanyika

Gari husukumwa hadi kwenye kizuizi chenye uso wa alumini uliotengenezwa mithili ya sega la nyuki, ambao hubonyea kama sehemu ya mbele ya gari jingine. Asilimia 40 tu ya upana wa gari, upande wa dereva, ndiyo inayogonga. Sababu ni kwamba madereva wanaokutana uso kwa uso hujaribu kukwepana, na mara nyingi hugongana kwa sehemu tu ya upana wa magari yao. Ndani hukaa sanamu za binadamu zenye vipimo kichwani, shingoni, kifuani na miguuni. Mwaka 2020 Euro NCAP ilibadilisha jaribio hilo: sasa gari na kizuizi vyote viwili huenda, kila kimoja kwa kilomita 50 kwa saa.

Gari zuri ni lile ambalo sehemu yake ya mbele hukunjamana na kumeza kishindo, huku chumba cha abiria kikibaki na umbo lake. Usukani haurudi kifuani mwa dereva, na milango bado hufunguka.

Katika kundi la magari makubwa ya familia, Renault Laguna ilikuwa gari la kwanza kabisa kupata nyota tano za Euro NCAP, mwaka 2001. Toyota Avensis nayo ilizipata mwaka 2003. Lakini nyota zina umri. Fiat Punto ilipewa tano mwaka 2005. Ilipopimwa tena mwaka 2017, ikiwa bado inauzwa mpya, haikupata hata moja. Kwa sehemu kubwa ni masharti yaliyokuwa yamepanda, huku gari likibaki pale pale. Kwa hiyo dalali anayesema "gari hili lina nyota tano" anapaswa kuulizwa: za mwaka gani?

Masharti ambayo barabara yetu haiyatimizi

Kila sanamu katika jaribio imefungwa mkanda, na kila moja ina kiti chake. Katika barabara ya taifa nambari 3, si ajabu kuona gari aina ya Probox, lenye viti vitano, likibeba wawili katika kiti cha mbele cha abiria na wanne au watano nyuma. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umezidisha msongamano huo. Mkanda mmoja hauwezi kuwashika watu wawili. Na abiria wa nyuma asiyejifunga hurushwa mbele kwa uzito wake wote, akamuumiza aliyeketi mbele yake, hata kama huyo amejifunga.

Mizigo nayo haimo katika jaribio la namna hiyo. Toyota ilianza kutengeneza Probox mwaka 2002 kama gari la kazi, la kubebea bidhaa za maduka na ofisi. Kidumu cha lita 20 cha mawese kina uzito wa kilo 18 hivi. Gari likisimama ghafla kwa kugonga, kidumu hicho kikiwa hakikufungwa huweza kusukuma mgongo wa kiti kwa nguvu sawa na uzito wa nusu tani.

Lipo pia suala la usukani. Burundi, kama Rwanda na Kongo, hutumia upande wa kulia wa barabara. Japani na Tanzania hutumia wa kushoto. Magari mengi yanayotoka Japani yana usukani kulia. Dereva wetu anapotaka kulipita lori la mbele, yeye ndiye aliye mbali zaidi na katikati ya barabara, na hawezi kuona kinachokuja mpaka gari lake lote limejitokeza. Katika mabasi madogo ya aina hiyo mlango wa kuteleza uko kushoto, kwa hiyo abiria hushukia barabarani penyewe badala ya ukingoni.

Mifuko ya hewa pia huzeeka. Ile ya kampuni ya Takata, ambayo imesababisha mamilioni ya magari kurejeshwa viwandani duniani kote, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi hadi kifaa cha kuipuliza kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani ya Tanganyika.

Kuna mwendo pia. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kilomita 45 kati ya Gitaza na Rumonge, pamoja na barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania. Barabara nzuri ni neema kwa wafanyabiashara, ila nayo humpa dereva ujasiri wa kukimbia. Nishati ya kishindo hukua kwa mraba wa kasi: gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa hubeba karibu mara mbili ya nishati ya lile la kilomita 64. Hakuna nyota iliyotolewa kwa kishindo hicho.

Afrika na vipimo viwili

Tatizo si magari makuukuu peke yake. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP lilipima Nissan NP300 Hardbody, gari jipya lililouzwa barani Afrika. Lilikuwa na mifuko miwili ya hewa, lakini likaambulia nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima, kwa sababu bodi lenyewe halikuhimili kishindo. Somo ni kwamba mfuko wa hewa hauokoi mtu ndani ya chumba kinachobomoka.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Marekani na Japani ziliuza nje magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumika. Takriban asilimia 80 yalikwenda katika nchi za kipato cha chini na cha kati, Afrika ikipokea sehemu kubwa kuliko bara lolote jingine. Uchunguzi katika bandari za Uholanzi ulikuta kwamba mengi ya yaliyokuwa yakielekea Afrika hayakuwa na cheti halali cha ubora.

Baadhi ya majirani zetu wameweka mipaka. Kenya haipokei gari la zaidi ya miaka minane wala lenye usukani wa kushoto, kwa kuwa huko magari hupita kushoto. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 15. Mipaka hiyo ina gharama: gari la umri mdogo ni ghali, na nauli hupanda. Katika nchi yenye upungufu wa fedha za kigeni, kuinakili sheria ya Nairobi neno kwa neno kungewaacha wengi bila usafiri.

Lakini yapo yasiyohitaji dola. Ukaguzi wa kiufundi wa OTRACO unaweza kudai mikanda inayofanya kazi kwenye kila kiti, pamoja na taa na breki. Polisi wa barabarani wanaweza kuhesabu watu ndani ya gari, si kutazama karatasi tu. Na abiria ana lake: kudai mkanda, kufunga mzigo, kumwambia dereva apunguze mwendo. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa waliomo garini kwa hadi asilimia 50. Katika gari la miaka 20, ambalo nyota zake zimekwisha muda, huenda hicho ndicho kinga pekee iliyobaki. Na abiria wa nne katika kiti cha nyuma hana hata hicho.