Uzee si Maradhi, Sonona ni Maradhi

Wahenga walinena kwamba utu uzima ni dawa. Aghalabu husahaulika kuwa hata mwenye kuwaganga wengine kwa busara yake aweza kuugua, tena maradhi ambayo jamaa zake hawayatambui. Katika mtaa wa Jericho, Eastlands jijini Nairobi, wamo wazee walioingia katika nyumba za baraza la jiji wakiwa vijana waajiriwa, wakalea watoto humo, na sasa wanaishi na wajukuu. Mmoja wao akiacha kwenda kutazama kandanda katika uwanja wa Camp Toyoyo, akasusia chakula, akawa anaamka usiku wa manane asilale tena, majirani husema: "Ni uzee tu." Kauli hiyo fupi inawanyima wazee tiba, na yafaa ipingwe.

Huzuni ina sababu, na hupungua kadiri siku zinavyosonga. Sonona hudumu majuma mawili au zaidi, ikampokonya mtu hamu, usingizi, nguvu na hata sababu ya kuishi. Kwa wazee, chanzo chake mara nyingi kimo mwilini. Ubongo hulishwa na mishipa midogo ya damu. Shinikizo la damu na kisukari visipodhibitiwa kwa miaka mingi huiharibu mishipa hiyo, na nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu za ndani zinazosimamia hisia na hamu hudhoofika. Mwaka 1997 George Alexopoulos na wenzake nchini Marekani walipendekeza kwamba aina moja ya sonona ya uzeeni huanzia hapo. Mgonjwa wa aina hiyo huenda asilie kamwe. Hupooza tu, fikira zikaenda polepole, akaonekana mvivu au mkaidi. Vilevile, homoni ya kotisoli, ambayo mwili huitoa wakati wa dhiki, ikizidi kwa muda mrefu huhusishwa na kusinyaa kwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Isitoshe, takriban mtu 1 kati ya 3 walionusurika kiharusi hupatwa na sonona.

Haya hayana maana kwamba upweke, ufiwa na ufukara havina nafasi. Dhiki ya nje huingia mwilini kwa njia hizo hizo. Muhimu ni kwamba maradhi haya yanatibika, kwa dawa, kwa mazungumzo ya kitabibu na kwa kudhibiti shinikizo la damu, hata mgonjwa akiwa na miaka 80.

Hapa ndipo mwanakiswahili anapohusika. Nchini Kenya maradhi haya huitwa sana "msongo wa mawazo", na jina hilo hilo hubeba wasiwasi wa mwanafunzi anayesubiri mtihani. Maadamu ugonjwa umeitwa mawazo, mzee huambiwa aache kufikiri sana, kana kwamba mishipa ya damu husikia nasaha. Watanzania wanalo neno "sonona", lenye nasaba na kitenzi sononeka kinachoeleweka pande zote mbili za mpaka. Neno hilo lifaa kupewa ugonjwa. Msongo ubakie kwa dhiki ya kawaida, na huzuni ibakie kwa msiba.

Huenda mtu akasema kwamba istilahi haiponyi. Ni kweli. Mzee wa Jericho hataingia katika kituo cha afya akitamka "nina sonona". Atasema kichwa kinamgonga, mwili hauna nguvu, moyo umekuwa mzito; atapewa dawa ya maumivu arejee nyumbani. Wajukuu wake, ambao lugha yao ni Sheng, watasema buda ana stresi. Kwa hiyo istilahi ya kamusini haina budi kukutana na kauli ya mgonjwa. Nchini Uganda, watafiti waliokwenda Masaka na Rakai walianza kwa kuwauliza wanavijiji wanayaitaje maradhi haya. Walipata majina mawili ya Kiganda, moja lenye maana ya kujichukia, jingine kujihurumia. Kwa majina hayo waliwatambua wagonjwa, wakawatibu kwa mazungumzo ya vikundi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko ambao hawakutibiwa.

Wanafunzi wa Kiswahili huwaendea wazee kukusanya methali na vitendawili. Wanaweza pia kuwauliza jinsi wanavyoyasema maumivu yasiyoonekana, wakaziandika kauli hizo na kuwakabidhi wauguzi wa vituo vya afya. Kazi hiyo yaweza kuanzia Jericho, na haihitaji maabara. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mzee aliyekosa jina la kuyaita maradhi yake hakuyaficha. Ni lugha iliyomwacha bila la kusema.