FIGO ZETU NA VIDONGE VYA DUKANI



Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, mtu akivimba uso na miguu hapa kwetu Bariadi, neno la kwanza kutajwa mara nyingi ni kulogwa. La pili ni kadari. Kadari tunaiamini, ni katika nguzo za imani. Lakini duka la dawa halitajwi kabisa, nami naona ndiko tungeanzia.

Msimu wa kuvuna pamba mgongo unauma. Mtu ananunua diklofenaki au ibuprofeni, anameza asubuhi, anarudia jioni, wiki baada ya wiki. Dawa hizi hutuliza maumivu, lakini pia hupunguza damu inayofika kwenye figo. Aliyeshinda juani bila maji, au anayeharisha, hudhurika zaidi. Vivyo hivyo mwenye presha au kisukari. Wanaozimeza wakati wa daku ili wafunge bila maumivu, wamuulize daktari kwanza. Krimu za kujichubua zenye zebaki nazo huharibu figo (mabinti, mmesikia!).

Imepokewa na Abu Daud kwamba anayetibu watu bila kuujua utabibu hubeba dhamana ya madhara. Kwa maoni yangu linamgusa pia jirani anayegawa vidonge vyake vilivyobaki.

Sasa urithi. Mwaka 2010 wataalamu walionyesha kwamba aina mbili za jeni iitwayo APOL1, zinazopatikana kwa baadhi ya watu wenye asili ya Afrika, huongeza hatari ya ugonjwa wa figo kwa aliyerithi kutoka kwa baba na mama pia. Ajabu ni kwamba jeni hiyo hiyo husaidia mwili kupambana na vimelea vya malale. Sisi tunaopakana na Serengeti tunamjua mbung'o! Na wengi walioirithi hawaugui kamwe.

Basi familia yenye mgonjwa wa figo isinyooshewe kidole cha uchawi, wala posa isivunjwe. Ndugu zake waende kupima presha, mkojo na damu, maana figo huharibika kimya kimya. Zikishindwa kabisa, kusafisha damu kwa mashine kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki. Upandikizaji ulianza Muhimbili mwaka 2017, na humtaka ndugu wa kujitolea mwenye figo zake mbili nzima. Ndugu huyo tutampata wapi, ikiwa nyumba nzima inameza vidonge vile vile?

Wabillahi tawfiq.