Tusipowajua Ndege kwa Majina Tutawalindaje?

Majuzi niliwaomba wanafunzi wangu wa isimu waorodheshe, kwa Kiswahili, majina ya ndege wa mwituni. Wengi walikwama baada ya njiwa, kunguru, bundi na tai. Nilipowauliza tai ni yupi, baadhi walimweleza ndege awindaye, wengine alaye mizoga.

Huenda msomaji akauliza, pana ubaya gani? Ubaya upo, tena mkubwa.

Bara la Afrika lina spishi zaidi ya 2,000 za ndege, na Kenya pekee ina zaidi ya 1,000. Zipo hata familia nzima ambazo hazipatikani mwituni penginepo duniani. Kuzumburu, mwenye mkia mrefu na atambaaye matawini mithili ya panya, ni wa Afrika tu. Vivyo hivyo shorobo, ambaye wekundu wa mabawa yake hutokana na rangi yenye madini ya shaba. Yupo pia karani tamba, mwenye miguu mirefu, auaye nyoka kwa mateke. Huyu, mnamo 2020, alitiwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kuangamia.

Hata hivyo, kilio kikubwa ni cha tumbusi. Mwaka wa 2015, spishi nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika daraja la juu kabisa la hatari ya kuangamia. Sababu mojawapo ni sumu. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba huutia mzoga sumu ili alipize kisasi. Tumbusi humiminika hapo kwa makumi, wakafa pamoja.

Yaliyoifika India yatufunze. Huko, tumbusi walipukutika katika miaka ya 1990 kwa sababu ya diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Mizoga ilikosa wa kuiondoa, na mbwa koko wakaongezeka. Serikali iliipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka wa 2006, wakati madhara yamekwisha kuenea.

Je, lugha inahusikaje? Tukitangaza kwamba "tai" wanaangamia, mkulima anayenyakuliwa vifaranga na mwewe atashangilia akidhani adui yake amepungua. Hatajua kwamba tunamzungumzia mfagiaji wa mbuga, ambaye hanyakui kifaranga cha mtu bali hutuondolea uchafu na maradhi. Onyo limetolewa, lakini halikumfikia aliyekusudiwa.

Umaskini huu si wa Kiswahili. Tumbusi, tai, mwewe, kipanga na kozi ni majina tuliyorithi, na lugha zetu za mama zina mengine mengi yaliyomo vichwani mwa wazee. Umaskini ni wetu sisi tunaozitumia.

Nionavyo, serikali haina budi kuidhibiti barabara biashara ya sumu za mashambani, na kumfidia upesi mfugaji aliyepata hasara ili asishawishike kujilipizia. Lakini waandishi, walimu na watunzi wa vitabu vya shule nasi tuna wajibu wetu: tumwite tumbusi kwa jina lake. Mwacha asili ni mtumwa, nasi tukiyaacha majina haya, huenda siku moja tukayakuta kamusini tu, ilhali wenyewe hawapo tena angani.