OFISI YA WANAFUNZI WATAFITI IPEWE MKUU ANAYETUJUA



Maneno yamekuwa mengi katika nyumba za reli na katika magangi ya njia juu ya vijana wa vyuo vikuu wanaotujia na karatasi zao za maswali. Wengine wenu mmesema milango ifungwe. Mwasema kijana huja wakati wa chakula cha mchana, akauliza una watoto wangapi, mgongo ulianza kuuma lini, mshahara huisha tarehe ngapi. Huandika, husema asante sana mzee, hupanda matatu, basi. Mwaka wa pili huja mwingine na maswali yale yale. Jibu la yule wa kwanza hakuna aliyeliona.

Sisi hatukubali milango ifungwe. Lakini twakubali kwamba hasira hiyo ni ya haki, na twataka ielekezwe mahali pake. Isimwangukie kijana. Yule ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na katika masomo mengi hawezi kumaliza chuo bila kufanya mradi wa utafiti mwaka wa mwisho. Mara nyingi nauli ameitoa mfukoni mwake, na mwalimu anayemsimamia ana wengine wengi kama yeye. Ametumwa peke yake kama behewa lililokatika. Wa kulaumiwa ni chuo chochote kinachomtuma bila kuweka mtu wa kujibu kwa ajili yake. Hatutaji chuo, maana jambo hili si la chuo kimoja.

Dawa tunayoitaka ni hii: kila chuo kikuu kiwe na ofisi ya utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na ofisi hiyo iwe na mkuu ambaye sisi tunaoulizwa twaweza kubisha mlango wake.

Ofisi ya namna hiyo si ndoto. Kule Marekani, katika chuo kiitwacho MIT, ilianzishwa mwaka 1969 na mwalimu kijana wa fizikia, Bibi Margaret MacVicar, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma pale pale. Wazo lilitokana na hotuba ya mwaka 1957 ya Bwana Edwin Land, mwenye kampuni ya kamera ya Polaroid, ambaye hakumaliza chuo. Alisema mwanafunzi asingoje miaka mingi ya kusikiliza tu. Apewe kazi ya utafiti ya kweli tangu anapoingia, pamoja na mwalimu wa kumwongoza. Bibi MacVicar akaifanya hotuba kuwa kazi: mwanafunzi akaunganishwa na mwalimu, kazi yake ikahesabiwa katika masomo au akalipwa fedha. Angalieni hapo, ndugu. Akalipwa. Jambo hilo tutalirudia.

Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano. Mwaka 1968, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, idara yake ya historia iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenda kuuliza habari za vita vya Maji Maji. Vita vile vilikuwa vya mwaka 1905 mpaka 1907. Wazee waliovishuhudia walikuwa wangali hai, lakini kila mwaka walipungua. Vijana walikwenda vijijini, wakakaa na wazee, wakaandika. Waliosimamia kazi hiyo walikuwa waalimu kama John Iliffe na Mtanzania Gilbert Gwassa, na mwaka 1969 habari zile zikapigwa taipu na kurudufishwa, kama karatasi hii mnayoishika. Mpaka leo mtu hawezi kuandika vizuri juu ya Maji Maji bila kupitia kazi ya wale wanafunzi.

Wako wasomi wasemao mwanafunzi wa shahada ya kwanza hajakomaa, utafiti ni kazi ya madaktari wa falsafa. Twawajibu kwa kaburi. Kama Dar es Salaam ingengoja vijana wale wawe madaktari, wazee wa Maji Maji wangekuwa wamekwenda na maneno yao.

Hapa kwetu pia wako watu wanaokwenda na maneno yao. Reli ya kutoka Voi kwenda Taveta ilijengwa kwa haraka ya vita kuanzia mwaka 1915, ikafika Maktau, na mwaka 1916 ikavuka Taveta na kuungana na reli ya Wajerumani kule Kahe. Makaburi ya askari wa vita ile yako Voi, Maktau na Taveta, na yanafagiliwa. Wachukuzi Waafrika waliokufa kwa maelfu katika vita ile wengi wao hawana hata jiwe. Waliobeba mizigo na mataruma katika nchi yetu ni nani? Wamebaki wajukuu, huko Bura na Mwatate na Mgange, na wajukuu nao ni wazee sasa. Hiyo ni kazi ya kijana wa mwaka wa tatu anayejua Kitaita, likizo moja tu, mradi pawe na mtu wa kumtuma, kumpa nauli na kuyahifadhi aliyoyaandika.

Tena liko swali la mwaka 2017. Reli mpya ilipoanza kubeba abiria, gari la abiria la reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi likakoma. Wakina mama waliouza ndizi na mahindi madirishani mwa mabehewa walikwenda wapi? Sisi twawajua baadhi yao kwa majina. Lakini kumjua mtu si hesabu, na bila hesabu mwakilishi wetu akienda kusema habari yao ataambiwa alete ushahidi.

Msidharau hesabu, ndugu wanachama. Mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na watu wa reli walikuwamo. Lakini hata baada ya hapo mshahara wa Mwafrika uliendelea kupimwa kama kwamba hana mke wala mtoto. Ndipo mwaka 1954 kamati ya serikali ya mkoloni, mwenyekiti wake Bwana F. W. Carpenter, ilipotoa hesabu: karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni, na karibu robo ya walioajiriwa katika kazi za serikali, walilipwa mshahara usiotosha mahitaji ya lazima. Kamati ikashauri mshahara uhesabiwe kwa mtu mwenye jamaa. Mambo hayakugeuka siku moja, wala mkoloni hakuwa amepata huruma ghafula. Lakini tangu hapo viongozi wa vyama waliingia mkutanoni wakiwa na karatasi ya serikali yenyewe mkononi. Chama kikisema njaa, mwajiri husema ni siasa. Hesabu ikisema njaa, mwajiri huvaa miwani.

Sasa twarudi kwa mkuu wa ofisi. Mkuu wa stesheni haendeshi injini, hasukumi behewa, lakini hakuna gari linaloondoka bila yeye kujua njia ni nyeupe. Mkuu wa ofisi hii naye hatafanya utafiti mahali pa wanafunzi. Kazi yake ni kujua nani anakwenda wapi, kuuliza nini, kwa idhini ya nani, na amerudi na nini. Awe na daftari. Kijana akileta swali ambalo limekwisha ulizwa mara tatu katika gangi moja, amwambie hapana, soma kwanza waliyoyaandika wenzako. Mkuu asiye na uwezo wa kusema hapana ni karani wa kugonga mihuri, na mihuri tunayo ya kutosha.

Awe pia mtu aliyewahi kukaa chini ya mwembe na daftari, akanyimwa jibu. Nafasi hii isigeuzwe kiti cha kumpumzishia mwalimu ambaye idara yake imemchoka.

Na usalama! Hapa twasema kwa ukali kidogo, maana njia ya reli si uwanja wa michezo. Kijana akija kupima vumbi la kokoto au kuhesabu jinsi watu wanavyoinua taruma, ni nani aliyempa viatu vya kazi na kofia ngumu? Nani amemjulisha mnyapara saa za magari? Akiumia, bima ni ya nani? Mambo ni hayo hayo kwenye mashimo ya vito kule Kasigau na kwenye mashine za katani kule Mwatate. Kijana asipelekwe mahali pa hatari kwa barua ya utambulisho peke yake.

Fedha ndiyo sehemu inayotuuma zaidi. Mtoto wa mfanyakazi husoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na likizo ikifika hutafuta kibarua, kwa sababu nyumbani wako wadogo zake. Mwenzake mwenye baba tajiri hukaa bure na mwalimu miezi mitatu katika maabara, jina lake likaandikwa kwenye kazi ya mwalimu, na baadaye husemwa huyu ana akili ya utafiti. Akili ipi? Ana chakula. Ndiyo sababu tuliwaambia mwangalie neno lile, akalipwa. Mkuu wa ofisi awe na fungu lake la fedha, hata dogo, la kuwalipa posho watoto wasio na kitu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Abishe hodi na huko, abishe na kwa kaunti, abishe na kwa waajiri.

Halafu majibu yarudi. Kurudi maana yake si kuambiwa kitabu kiko maktaba, kwa Kiingereza, na mlinzi langoni. Iwe karatasi moja ya Kiswahili, na kijana mwenyewe aje kusimama mbele yetu aulizwe na yeye. Chukueni mfano wa Sagalla, chini ya mlima tunaouona kutoka stesheni. Watafiti wa ndovu walijua ndovu huogopa nyuki. Wakashirikiana na wakulima, wakatundika mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka. Na asali mkulima huuza. Pale hakuna haja ya kuuliza utafiti ulisema nini, kwa kuwa unaning'inia shambani. Hatusemi kila utafiti utaleta asali. Twasema Sagalla walirudi.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta tunacho hapa jirani, kando ya barabara ya Mwatate. Kilikuwa chuo kishiriki cha Jomo Kenyatta tangu 2011, na mwaka 2016 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Chafundisha uhandisi wa madini, katika nchi ambayo kito chake cha kijani kiliitwa tsavorite kwa jina la Tsavo. Chuo chenye ardhi kama hii na watu kama hawa kimekaa mahali pazuri kuliko vyote pa kuonyesha vyuo vingine ofisi hii iwe ya namna gani. Twakiomba kwa heshima, wala hatuombi sadaka: kodi zetu zimo mle, na watoto wetu.

Mwanachama atasema, sisi tulioishia shule ya msingi ya misheni tuna nini cha kumwambia mkuu wa ofisi ya chuo kikuu? Tuna maswali. Vumbi la kokoto lafanya nini katika kifua cha mtu aliyelivuta miaka kumi? Dumu la maji lauzwa bei gani mtaa kwa mtaa hapa Voi, na bomba la Mzima lapita kwenda Mombasa? Mchimba vito hupata kiasi gani, na yule wa mwisho anayeuza hupata kiasi gani? Maswali haya hakuna mwalimu atakayeyaota akiwa ofisini.

Kamati ya tawi inaandika barua kwa vyuo, kuomba mwakilishi wa wafanyakazi akae katika baraza litakaloshauri ofisi kama hiyo popote itakapowekwa. Pamoja na barua yataambatanishwa maswali kumi ya kwetu. Mpaka leo tunayo sita. Mwenye swali alilete kwa karani wa tawi kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi, na asiyependa kuandika aseme kwa mdomo, karani ataandika.