Kura ya Mwenye Hisa Si Kura ya Raia

Hawakosekani, kila muhula, wanafunzi wanaonieleza kwamba blokcheni, yaani daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, imetuletea demokrasia mpya ya fedha: watumiaji huwachagua wahakiki wa daftari, nao wahakiki huisimamia sarafu bila gavana wala waziri. Napinga. Uchaguzi upo, demokrasia haipo.

Chukua Steem, mfumo ulioanza mwaka 2016, ambao wahakiki wake huitwa mashahidi. Ishirini wanaoongoza kwa kura ndio huandika daftari, na 17 kati yao wakikubaliana, sheria za mfumo hubadilika. Kura hupimwa kwa wingi wa sarafu alizozifunga mpiga kura. Zaidi ya hayo, kila akaunti inaweza kuchagua mashahidi 30, na kila mmoja wao hupata uzito kamili wa sarafu hizo. Kwa hiyo mwenye sarafu nyingi kuliko wapinzani wake wote hapati viti kwa kadiri ya hisa zake, huvipata vyote. Hata SACCOS ya walimu inajua kwamba mwenye hisa elfu na mwenye hisa kumi wana kura moja moja.

Februari 2020 Justin Sun, mwanzilishi wa Tron, aliinunua kampuni ya Steemit, iliyomiliki takriban moja ya tano ya sarafu zote. Mashahidi wakaingiwa na hofu, wakabadili programu na kuzizuia sarafu hizo. Tarehe 2 Machi masoko matatu ya sarafu za kidijitali, Binance, Huobi na Poloniex, yakazifunga sarafu yaliyowatunzia wateja wao na kuwapigia kura mashahidi wa upande wa Sun. Wa zamani wakang'olewa. Binance na Huobi baadaye ziliondoa kura zao, na mkuu wa Binance akaeleza kwamba aliidhinisha akidhani ni uboreshaji wa kawaida wa mfumo. Mteja hakuulizwa, amana yake ndiyo iliyopiga kura. Mwezi Mei mashahidi wapya wakapitisha programu iliyowanyang'anya wapinzani zaidi ya sarafu milioni 23. Wala sitawatetea wale wa zamani: wao ndio waliotangulia kuonyesha kwamba mali ya mtu yaweza kuzuiwa kwa ridhaa ya watu 17.

Walioshindwa walilinakili daftari, wakaiacha nje hazina ya kampuni, na tarehe 20 Machi 2020 wakaanzisha Hive. Huko sarafu iliyofungwa karibuni husubiri siku 30 kabla ya kuhesabiwa katika kura, na kura isiyohuishwa hufa baada ya mwaka. Ni marekebisho mema, ila mizani ni ileile.

Na sarafu thabiti je? HBD ya Hive inakusudiwa kuwa na thamani ya dola 1. Mashahidi hutangaza bei ya Hive, na mfumo huchukua ile ya katikati. Riba nayo hupangwa hivyohivyo. Mwaka 2022 ya akiba ilifika asilimia 20, ikilipwa kwa kutoa HBD mpya. Mwaka huohuo ukomo wa deni la HBD, ukilinganishwa na thamani ya Hive sokoni, ulipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 30. Ukomo huo ukivukwa, mwenye HBD hapewi tena Hive za dola nzima. Yeye ana kura ngapi katika haya yote? Hana hata moja. Wanaopiga kura ni waliofunga Hive, yaani upande wa mdaiwa, na mdai anasubiri nje kusikia masharti ya deni lake.

Ofisa anayeandaa kanuni za sarafu hizi asiridhike kuambiwa kwamba viongozi wake huchaguliwa. Aulize amana za wateja zinapiga kura kwa idhini ya nani, na siku mashahidi watakapopunguza malipo, mwenye kudai dola yake atamshtaki nani.