Hamira katika Mafuta ya Ngozi: Tuogope Lipi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa wanadamu na rangi zao. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, sisi wa Rhotia twaijua kazi ya upepo wa kiangazi. Baridi ya nyanda hizi na vumbi jekundu hupasua midomo na visigino, hivyo mafuta ya kupaka si anasa kwetu. Siku hizi zimeenea krimu zilizoandikwa kuwa zina maji ya hamira au mimea iliyochachushwa. Hapo huzuka swali: kitu kilichochachuka kama pombe, je, yafaa kukipaka na kusali nacho?

Swali ni jema, ila lataka elimu. Kuchachuka si kulevya. Mkate huumuliwa kwa hamira na maziwa huganda kwa chachu, wala hapana aviitaye vileo. Kilichoharamishwa katika Suratul Maida, aya ya 90, ni ulevi. Mtume (s.a.w.) aliisifu siki kuwa kitoweo chema, ilhali siki hupitia hali ya kileo kabla ya kuwa siki. Wanavyuoni wa Kishafi wamesema kileo kikigeuka siki chenyewe kimetoharika. Wa Kihanafi wamekubali hata kikigeuzwa na mtu. Juu ya tofauti hiyo, wote wanatufunza kutazama kitu kimekuwa nini, si kiliitwaje jana.

Basi tukitazame. Hamira, ambayo lebo huiita Saccharomyces, hulishwa sukari ikakua. Kisha chembe zake hupasuliwa na makapi kuchujwa, yakabaki maji yenye asidi za amino, vitamini na sukari zinazosaidia ngozi kushika unyevu. Hata neno alkoholi lisitutishe kila tulionapo: setili alkoholi ni aina ya nta, haimlevyi mtu. Lakini lebo ikitaja ethanoli, hicho ni kileo chenyewe, na kwa Mashafi kila kileo cha majimaji ni najisi. Mwenye shaka na aiache, asali kwa utulivu.

Hata hivyo, neno "asili" lisiwe ngao ya muuzaji. Mwaka 1907 huko Japani ilipatikana asidi ya koji, itokanayo na kuvu wanaochachusha mchele. Asidi hiyo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na leo imo katika sabuni nyingi za kujichubua. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo cha asilimia 1 katika vipodozi vya uso na mikono. Yaonyesha kwamba kilichochachushwa nacho chaweza kudhuru kikizidi.

Na hapa ndipo penye msiba wetu. Yupo aulizaye kwa hofu juu ya tone la maji ya hamira, ilhali nyumbani mwake mna kopo la mkorogo lisilo na lebo, naye hasemi neno. Zebaki hupenya ngozi, ikaharibu figo na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huacha mabaka meusi yasiyofutika kwa urahisi. Vyote viwili vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Sheria ipo, kinachopungua ni hofu ya Mungu kwa anayeuza na tahadhari kwa anayenunua.

Kwa hiyo twashauri haya. Msinunue krimu isiyo na lebo, wala ile iliyochanganywa dukani. Krimu mpya ijaribiwe kwanza kidogo ndani ya mkono, ikiwasha iachwe. Mfanyabiashara Mwislamu aondoe mkorogo katika meza yake, hata kama faida yake ni nono, kwani kumficha mnunuzi madhara ya bidhaa ni ghushi, na Mtume (s.a.w.) alijitenga na mwenye kughushi. Nasi wazazi wa kiume tuache kumsifu bibi harusi kwa weupe wake, maana sifa hiyo ndiyo imwuziayo binti zebaki.

Dini yetu imekataza kujidhuru na kudhuru wengine. Mwenye kuuliza kama kitu ni halali, na aulize pia kama ni salama.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuridhika na umbo alilotupa, na atukinge na kila chenye madhara. Amin.