Mnatupa Maharage, Moto Tutoe Wapi?

Mama anatoka kwenye mgao na unga wa mahindi, maharage makavu, mafuta na chumvi kidogo. Kabla hajafika nyumbani, sehemu ya unga ameshaiuza. Hakuuza kwa sababu ameshiba. Ameuza ili apate makala, yaani mkaa, ya kupikia maharage yaliyobaki. Mashirika ya misaada yanalijua jambo hili tangu zamani na yameliandika kwenye ripoti zao wenyewe, lakini mgao ukifika tena mambo ni yale yale. Nasema wazi: anayempa mtu asiye na kitu maharage makavu bila cha kuyapikia, hajamlisha. Amempa nusu ya chakula, na nusu nyingine amemwachia ainunue kwa chakula hicho hicho.

Goma, mashariki mwa Kongo, inapika kwa makala. Umeme upo, lakini katika nyumba nyingi zinazoupata kazi yake ni taa na kuchaji simu. Sufuria iko juu ya mbabula, jiko la makala. Na maharage hayana huruma: hata ukiyaloweka usiku kucha, bado yanadai moto wa muda mrefu. Mwenye mshahara hununua gunia zima, akaliweka pembeni ya nyumba, akasahau habari ya makala kwa wiki kadhaa. Asiye na mshahara hununua sashe, kimfuko cha makala ya leo, kesho akaenda tena. Kusanya sashe hizo mpaka zijaze gunia, utakuta amelipa zaidi kuliko jirani yake mwenye kazi. Katika mji huu, maskini ndiye anayelipia moto kwa bei ya juu kabisa.

Ingia jikoni mwa maskini huyo jioni. Bugali ukishaiva, mama haachi moto ufe wenyewe. Anatoa makaa moja moja kwa kijiti, anayafukia kwenye majivu yazimike, kesho yawashwe tena. Asubuhi hakuna chai, kwa sababu chai ni moto. Sombe, majani ya muhogo, haipikwi tena, kwa sababu sombe inakula makala. Maharage yanaachwa, watoto wanapewa kitu kinachoiva upesi, bugali na lengalenga, mara moja kwa siku. Familia hii haikuwa ya kuomba. Ilikuwa na kibanda sokoni, ilikuwa inalipa shule. Makala yalipopanda, ikaanza kula mtaji wa kibanda, na leo mama anamtafuta mkubwa wa avenue amwandike kwenye orodha ya jetoni za msaada. Halafu wakubwa wanaketi kwenye hoteli za kando ya Ziwa Kivu na kujadili kwa nini foleni za chakula zinarefuka!

Makala haya yanatoka Masisi, Rutshuru na ndani ya Hifadhi ya Virunga. Yanaingia kwa malori na kwa chukudu, zile baiskeli za mbao, mengine yanavuka ziwa kwa mitumbwi hadi soko la Kituku. Njia nzima kuna barieri, na kwenye kila barieri kuna mwenye bunduki anayetaka chake. Waasi wa FDLR walijineemesha kwa makala ya Virunga kwa miaka mingi. Mwaka 2007 gorila wa milimani waliuawa hifadhini, na mauaji yao yakahusishwa na biashara hiyo hiyo. Kisha waasi wa M23 wakaikamata Rutshuru, Februari 2024 barabara ya Sake ikakatwa, na Januari 2025 wakauchukua mji wa Goma wenyewe. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara jinsi makundi ya silaha yanavyotoza kodi kwenye makala. Sina haja ya kuwauliza wataalamu hao ni nani anayeilipa. Analipa yule mama wa sashe.

Baada ya Januari ile, maghala ya chakula yaliporwa, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, kambi za waliokimbia vita zikavunjwa na watu wakaambiwa warudi kwao. Na katika mwaka huo huo PAM, Shirika la Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, ikapunguza watu inaowasaidia mashariki mwa Kongo kutoka karibu milioni moja hadi laki sita. Kwa hiyo mgao umepungua, na kile kidogo kinachofika bado kinamegwa na makala.

Asiyeweza kununua huenda kutafuta kuni. Kila mtu Goma anajua maana ya sentensi hiyo kwa mwanamke. Mwezi Aprili 2023, Madaktari Wasio na Mipaka walitibu wanawake zaidi ya 670 waliobakwa, ndani ya wiki mbili tu, katika kambi za pembeni mwa mji kama Bulengo, Rusayo na Kanyaruchinya. Wengi walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Wanawake hao walikuwa wanatafuta kitu ambacho kilipaswa kuwa ndani ya mgao. Hilo ni kosa la watu wenye majina na vyeo, waliokaa mezani wakapanga kilo za unga na lita za mafuta, wakaacha moto.

Na wasiseme hawakujua. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia hapa kutoka Rwanda, wakapewa chakula kibichi, wakaingia msituni kwa maelfu kila siku kukata kuni. Mwaka huo huo UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Zaidi ya miaka 30 imepita.

Ninachokasirikia zaidi ni kwamba nishati tunayo. Katika maji ya chini kabisa ya Ziwa Kivu kuna gesi ya methani. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unaitumia kuzalisha megawati 26 tangu 2016. Upande wetu, Kinshasa ilinadi vitalu vitatu vya gesi mwaka 2022, Makelele, Idjwi na Lwandjofu, na mpaka leo gesi hiyo haijachemsha hata sufuria moja Goma. Mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, huko Rutshuru, unatoa megawati 13.8 tangu 2015. Sufuria ya umeme yenye mgandamizo huivisha maharage kwa muda usiofika saa moja, lakini nani atampa muuza ndizi wa mtaa wa Ndosho sufuria hiyo, na bei ya umeme anayoiweza?

Kwa hiyo sitaki kusikia tena semina kuhusu wananchi wanaoharibu hifadhi. PAM na washirika wake waandike moto kwenye mgao: fedha ya makala au makala yenyewe, yale ya miti iliyopandwa, kama mradi wa EcoMakala ulivyokwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Watoe unga uliokwisha kuivishwa pale penye watu wengi, wafungue majiko ya pamoja mitaani. Kampuni za umeme ziweke bei ya kupikia kwa nyumba maskini, na wafadhili walipie tofauti. Na wanaoshika barabara, wa upande wowote, waondoe kodi kwenye makala ya kupikia, waiondoe wiki hii, kwa sababu kila franka wanayoichukua pale barieri imetoka kwenye sahani ya mtoto.